Tabia na Matumizi ya Nguvu

Mali ya mtu huweza kuhesabiwa, shamba lake huweza kupimwa, na miaka yake huweza kuandikwa. Lakini nguvu anazoamka nazo asubuhi hazina kibaba cha kuzipimia. Hata hivyo nguvu ndizo mali anazozitumia kabla ya mali nyingine zote. Asiye na fedha lakini ana nguvu huweza kwenda kuitafuta fedha. Mwenye fedha asiye na nguvu huitazama fedha yake kama mgonjwa atazamavyo chakula. Mali hii hugawiwa kila mtu, tajiri na maskini, lakini haigawiwi kwa kiasi kimoja wala haitumiki kwa njia moja. Kazi inayomwamsha mmoja humlaza mwenzake. Mazungumzo ya jioni barazani humrudishia huyu uhai alioupoteza mchana, na humwondolea yule uhai mdogo uliombakia.

Kwa sababu hiyo wako watu wengi leo wanaofundisha kwamba mtu akiijua aina ya tabia yake ataweza kuzitawala nguvu zake: atajua kazi ipi aifanye asubuhi na ipi aiache mpaka jioni, mkutano upi auhudhurie na upi aukwepe, lini akae na watu na lini ajitenge. Fundisho hili lina kweli ndani yake. Walakini ndani ya kweli hiyo mna swali la wema na ubaya ambalo aghalabu hupitwa bila ya kuulizwa. Je, kujua kwamba jambo fulani hunichosha kwanipa haki ya kuliepuka? Hilo ndilo swali ambalo insha hii yajaribu kulijibu.

Kwanza na tulitazame neno lenyewe. Tabia ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile la kupiga chapa. Kwa maana hiyo tabia ni chapa iliyopigwa juu ya mtu kabla hajajua kusoma. Lakini Kiswahili kimelipanua neno hili. Twasema kwamba tabia ya maji ni kufuata mteremko, na hapo twakusudia jambo lisilobadilika. Twasema pia kwamba kijana fulani amefunzwa tabia njema, na hapo twakusudia jambo la kufunzwa, liwezalo kupatikana na kupotea. Neno moja labeba maumbile na mwenendo pamoja. Mgeni aweza kudhani kwamba huu ni upungufu wa lugha. Mimi nauona kuwa ni uaminifu wake, kwa kuwa mwanadamu mwenyewe ni mchanganyiko huo huo, na hapana aliyewahi kuuona mpaka ambapo maumbile yake yalikoma na mwenendo wake ukaanza.

Tena twasema tabia ya nchi. Mkulima wa pwani ajua kwamba mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli huja baadaye, kuelekea mwisho wa mwaka. Haoni haya kwa sababu nchi yake ni kavu, wala hajisifu kwa sababu nchi yake ina mvua. Huijua tu, akapanda kwa wakati wake. Hapandi mpunga juu ya kilima cha mawe, na jirani hamwiti mvivu kwa kutoupanda hapo. Lakini hajatokea bado mkulima aliyesema kwamba, kwa kuwa nchi yake ni kavu, basi hana wajibu wa kuwalisha watoto wake. Atapanda mtama badala ya mpunga, atachimba kisima, atayafuata maji mbali. Tabia ya nchi humwambia chakula kitamgharimu jasho kiasi gani. Haimwambii kwamba watoto hawali.

Hamu ya kuwapanga watu katika aina ni ya kale. Waganga wa Kiyunani wa shule ya Hippocrates, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, walifundisha kwamba mwili una maji ya namna nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Galen, aliyezaliwa Pergamon mwaka 129, aliyaeleza mafundisho hayo kwa upana, na wafuasi wake wakapata watu wa aina nne: mchangamfu, mpole, mkali na mwenye huzuni. Ibn Sina, aliyeishi tangu mwaka 980 mpaka 1037, aliyapanga upya katika kitabu chake kikubwa cha Qanun, akitumia neno mizaj, maana yake mchanganyiko. Elimu hiyo ilivuka bahari pamoja na biashara, na matabibu wa pwani yetu wakawa na maneno yao manne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Mzee wa Mombasa anayemwambia mjukuu wake asile chakula cha baridi kwa kuwa mwili wake mwenyewe ni wa baridi, asema jambo ambalo tabibu wa Baghdad wa zamani angalilifahamu mara moja.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa katika elimu hiyo ya kale. La kwanza ni kwamba maelezo yake juu ya mwili yamekanushwa: hapana nyongo nyeusi itiayo huzuni. La pili ni kwamba nia yake ilikuwa njema. Tabibu hakumwambia mtu wa hari kwamba yeye ni wa hari ili aende zake akajivunie jina hilo. Alimwambia ili apate kumrudisha katika mizani. Aina ilikuwa mwanzo wa tiba.

Katika zama zilizo karibu nasi mwanzo huo umegeuzwa kuwa mwisho. Mwaka 1921 Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alitoa kitabu kikubwa juu ya aina za nafsi. Alisema kwamba wako watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wako ambao nguvu zao huelekea ndani, kwa fikira na picha za moyoni. Katika insha hii nitawaita watu wa hadhara na watu wa faragha. Jung mwenyewe alisema kwamba kila mtu ana mielekeo yote miwili, na kwamba tofauti ni ya wingi na uchache. Huko Marekani mama mmoja na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, waliyachukua mawazo hayo, wakaongeza mengine, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili binti akaanza kutunga maswali ya kuwapima watu. Maswali hayo yalitolewa na taasisi ya mitihani ya Marekani mwaka 1962. Mwenye kuyajibu hupewa herufi nne, na herufi hizo hugawa wanadamu wote katika mafungu 16.

Wataalamu wengi wa elimu ya nafsi hawaridhiki na mafungu hayo, nao wana sababu. Watu si kama mbuzi na kondoo ambao lango moja laweza kuwatenga. Ukiwapima watu elfu moja kwa kadiri wanavyopenda hadhara, hutapata makundi mawili yenye bonde katikati. Utapata wengi katikati na wachache kila upande, kama vile urefu wa miili yao. Mwenye kuukata mstari katikati huwatenga watu wawili wanaofanana kama pacha, akawaunganisha na watu ambao hawafanani nao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya watu wanaopimwa tena baada ya majuma machache hupewa herufi ambayo si ile ya kwanza. Wataalamu wa leo hupenda zaidi kupima sifa kwa kadiri, mfano wa mizani, kuliko kumpiga mtu chapa ya fungu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba tofauti zenyewe ni ndoto. Zipo, nazo huonekana katika mwili. Tuchukue mfano wa usingizi. Mwaka 1976 James Horne na Olov Östberg walichapisha maswali ya kuwatambua watu wa asubuhi na watu wa jioni, na tangu hapo imeonekana kwamba saa ya ndani ya mwili haiendi sawa kwa watu wote. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuyafunua maumbile ya saa hiyo, ambayo waliichunguza katika nzi wadogo wa matunda. Vijana huchelewa kulala na kuchelewa kuamka, wazee hutangulia. Mzee anayemwona kijana amelala saa moja ya asubuhi akamwita goigoi, labda asema kweli, na labda aona tu saa mbili tofauti ndani ya miili miwili.

Methali zetu zenyewe zashuhudia tofauti hizo. Twasema mwenda pole hajikwai. Twasema pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenye kupenda ubishi aweza kusema kwamba wahenga walijipinga. Hawakujipinga. Mtu wa pupa alihitaji ile ya kwanza, na mtu wa kusitasita alihitaji ile ya pili, na mwenye hekima ni yule aliyejua amwambie nani ipi. Neno lililo dawa kwa mmoja huwa sumu kwa mwenziwe.

Basi tukubali kwamba tofauti zipo, kisha tuliulize swali la nguvu. Watu wengi huziona nguvu kama maji ya mtungini: ukichota asubuhi, mtungi huwa mtupu jioni. Wazo hili lilipata umaarufu mkubwa mwaka 1998, pale Roy Baumeister na wenzake walipochapisha majaribio yao. Waliwaweka watu mbele ya biskuti zenye harufu nzuri wakawakataza kuzila, kisha wakawapa fumbo lisilofumbulika. Waliokatazwa waliliacha fumbo mapema kuliko wengine, na ikasemwa kwamba nguvu za kujizuia huisha kwa kutumiwa. Lakini mwaka 2016 maabara 23 zilipojaribu wazo hilo kwa njia moja iliyokubaliwa, kwa watu zaidi ya 2,000, tofauti iliyopatikana ilikuwa ndogo kiasi cha kukaribia kuwa si kitu. Mtungi haukuonekana. Na kabla ya hapo, mwaka 1907, William James, mwanafalsafa wa Marekani, alichapisha insha juu ya nguvu za watu. Alisema kwamba mtu huchoka, akidhani amefika mwisho. Akiendelea kwa sababu ya haja kubwa, hupita uchovu huo akakuta chini yake nguvu nyingine ambazo hakuzijua. Kila mama aliyekesha na mtoto mgonjwa aweza kumthibitishia James maneno yake.

Lakini uchovu si uwongo pia. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa Finland, Sointu Leikas na Ville-Juhani Ilmarinen, walitoa habari ya wanafunzi walioandika hali zao mara kadhaa kwa siku. Mwanafunzi alipokuwa mchangamfu mbele za watu, alijisikia vizuri saa ile ile. Baada ya muda wa saa tatu hivi alijisikia kuchoka. La ajabu ni kwamba uchovu huo haukuwapata watu wa faragha peke yao. Watu wa hadhara nao waliupata. Yaani tabia ya mtu haimwondolei mtu gharama ya kukaa na wenzake. Furaha hulipwa sasa, na uchovu hudaiwa baadaye, kwa wote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: kuijua tabia yako ni kuijua bei ya wajibu wako, wala si kupata msamaha wa wajibu huo. Mtu wa faragha anayekwenda kuhani mkiwa hulipa zaidi kuliko mtu wa hadhara anayekwenda mahali hapo hapo. Mtu wa jioni anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi darasa lake hulipa zaidi kuliko mtu wa asubuhi. Ni vema ajue kwamba analipa zaidi, asijidharau kwa kuwa jambo jepesi kwa wengine ni zito kwake. Ni vema pia wenzake wajue, wasimpime kwa uso wake. Lakini mkiwa ana haki ya kuhaniwa na wote. Msiba haukuuliza aina ya tabia ya jirani kabla ya kubisha hodi.

Yuko mtu wa kutufaa kwa mfano, naye ni Brian Little, mwanachuoni wa Kanada. Huyu ni mtu wa faragha kwa maumbile, lakini alisifika kwa kufundisha kwa moto na ucheshi. Alipoalikwa kuhutubia katika chuo cha kijeshi cha Saint-Jean katika jimbo la Quebec, wenyeji wake walimkaribisha chakula cha mchana baada ya hotuba ya asubuhi. Alijua kwamba akila nao, hotuba ya alasiri itakuwa dhaifu. Akatoa udhuru kwamba apenda kutazama vyombo mtoni, akaenda kutembea peke yake kando ya mto Richelieu. Baadaye, hotuba zilipohamishiwa mahali pasipo mto, alijificha chooni wakati wa mapumziko. Habari hii yachekesha, lakini tuitazame vizuri. Little hakusema, “Mimi ni mtu wa faragha, basi sifundishi.” Aliwapenda wanafunzi, akaipenda elimu yake, akalipa bei. Kisha akatafuta mahali pa kuzirudisha nguvu zake ili aweze kulipa tena. Hayo ndiyo matumizi halali ya kujijua.

Sasa na tutazame matumizi yasiyo halali. Chukua mfano wa kaka na dada ambao mama yao ameugua. Wageni huja kumjulia hali tangu asubuhi mpaka usiku, kama ilivyo desturi ya watu wema. Kaka asema kwamba kelele za watu humchosha, naye asema kweli. Hujifungia chumbani akasoma, akatoka ametulia, na nguvu zake zimehifadhika. Dada hupokea wageni, hupika, hufua, humgeuza mgonjwa kitandani, na usiku hukesha. Mwishoni mwa mwezi kaka ni mzima na dada amekonda. Nguvu ambazo kaka aliziweka akiba hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitoka katika mwili wa dada yake. Kila mwenye kujitunza hana budi kujiuliza swali hili moja: nguvu nilizookoa, nani amezilipa? Akiwa jibu ni kwamba hapana aliyezilipa, basi ametumia busara. Akiwa jibu ni jina la mtu, basi amekopa bila idhini, na deni lisiloandikwa ni deni vilevile.

Swali hilo lapaswa kuulizwa kwa sauti kubwa zaidi kwa sababu si watu wote waliopewa nafasi ya kuchagua. Hamali wa bandarini hakuulizwa kama yeye ni mtu wa fikira au wa vitendo. Muuguzi wa zamu ya usiku hakuulizwa kama saa ya mwili wake ni ya jioni. Mama auzaye vitumbua huamka kabla ya jogoo ili wanafunzi wapate kifungua kinywa, na labda maumbile yake yalimtaka alale mpaka jua lipande. Mafundisho ya kuhifadhi nguvu mara nyingi huandikwa na watu wenye kuchagua saa zao kwa watu wenye kuchagua saa zao. Msomi anayeyapokea lazima akumbuke kwamba utulivu wa asubuhi yake umekaa juu ya mabega ya watu ambao asubuhi yao haikutulia. Na mwenye madaraka, akiwa mkuu wa shule au wa ofisi, ana wajibu zaidi: ajifunze tofauti za watu ili awapunguzie bei palipo na nafasi, wala si ili awatie katika mafungu na kuwafungia milango. Hata wenye kuyauza maswali ya Myers wasema kwamba hayafai kutumiwa kwa kuchagua nani aajiriwe na nani aachwe.

Mtu aweza kupinga kutoka upande wa pili. Aweza kusema kwamba kumtaka mtu wa faragha achangamke mbele ya wageni, au mtu mkali awe mpole, ni kumfundisha unafiki. Kwamba heri mtu awe alivyo. Pingamizi hili lina sura nzuri, lakini lachanganya mambo mawili. Mnafiki huonyesha asilolitaka ili apate faida yake. Mwenye adabu hujikaza kufanya lililo gumu kwake kwa faida ya mwingine. Mwenyeji aliyechoka akamtabasamia mgeni hakusema uwongo; alisema kwamba heshima ya mgeni yazidi uchovu wake, na hiyo ni kweli. Tena tabia, kama Kiswahili kilivyotufundisha, ni maumbile na mwenendo pamoja. Neno “ndivyo nilivyo” ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni “na ndivyo ninavyojifanya kuwa kila siku kwa matendo yangu.” Mwenye kuitaja nusu ya kwanza peke yake hukana mamlaka ambayo kwa hakika anayo.

Walakini na tusimwonee mtu aliyechoka. Liko kosa kinyume cha lile la kaka, nalo laweza kuvaa nguo za wema. Yuko mwalimu ambaye hutoa uchangamfu wake wote shuleni, akawa mcheshi kwa wanafunzi, msikivu kwa wazazi, mwepesi kwa wakubwa. Hajui bei ya mambo hayo, au aijua akaona aibu kuikiri. Jioni hurudi nyumbani na mabaki. Watoto wake hupata ukimya au ukali. Mkewe hupata mgongo. Mtu huyu husifiwa mjini, na pengine husifiwa siku ya maziko yake, lakini bei ambayo yeye hakuihesabu ililipwa na watu wa nyumbani kwake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kukataa kupumzika si ukarimu sikuzote. Mara nyingine ni njia ya kuwatwisha walio karibu mzigo wa sifa tunazozipata kwa walio mbali. Kaka yule alihesabu bei akakataa kulipa. Mwalimu huyu alilipa bila ya kuhesabu. Wote wawili waliishia kutumia mali ya mtu mwingine.

Basi kazi ya tofauti zetu ni nini, ikiwa si kutuachilia huru na wajibu? Jibu moja lapatikana karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe. Mwaka 2017 kundi la wataalamu, miongoni mwao Audax Mabulla, mwanaakiolojia wa Tanzania, lilitoa habari ya usingizi wa watu wazima 33 wa kambi za huko, waliopimwa kwa muda wa siku 20. Katika siku hizo zote, dakika ambazo watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee walitangulia kulala na kutangulia kuamka, vijana walichelewa. Hapakuwekwa zamu ya ulinzi, wala hapana aliyeamriwa kukesha. Lakini kwa kuwa miili haikufanana, karibu kila dakika ya usiku palikuwa na jicho lililo wazi na sikio lililosikia. Tofauti ambayo mjini huitwa uvivu wa kijana au kero ya mzee, porini yaweza kuwa ngome ya wote.

Mfano huu waturudisha kwa kaka na dada. Lau wangaliketi wakasemezana, kaka angaliweza kusema: “Dada, wageni hunichosha, lakini usiku ni rafiki yangu. Mimi nitakesha na mama tangu saa nne mpaka alfajiri. Nitampa dawa, nitamgeuza, nitakwenda hospitali kufuata habari zake. Wewe wapokee watu mchana, kwa kuwa nakuona wapata uhai kwao.” Na dada angalilala usiku kucha. Katika mapatano hayo kila mmoja ameijua tabia yake, na kuijua huko kumewaongezea nguvu wote wawili bila ya kumwibia hata mmoja. Hata hivyo mapatano hayo hayamalizi kila kitu. Iko siku mama atazidiwa na wageni watajaa uani. Siku hiyo kaka hana budi kutoka chumbani asimame mlangoni awapokee, na bei yake ataijua baadaye.

Ikiwa msomaji ataka mashauri machache ya kuyachukua, nayatoa kwa ufupi. Jichunguze kwa matendo yako ya siku nyingi, wala usitosheke na jina ulilopewa na maswali ya saa moja. Jina hukwambia unafanana na nani, lakini siku zako hukwambia nini kinakuchosha na nini kinakupumzisha. Ukiijua bei ya jambo lililo wajibu, iweke kando mapema, kama mtu awekavyo nauli kabla ya kununua mahitaji ya safari. Pumzika bila ya haya, na useme wazi kwamba unapumzika, kwa maana udhuru wa kweli hauumizi kama udhuru wa kubuni. Uliza sikuzote nani amelipa. Tena usifunge hesabu: aliyekuwa mtu wa jioni akiwa na miaka 20 huenda akawa mtu wa asubuhi akiwa na miaka 50, na aliyeogopa hadhara huizoea kwa kuifanya. Tabia ya nchi nayo hubadilika, na mkulima asiyeitazama mbingu kwa sababu aliijua jana hupoteza mbegu zake.

Kujijua kumesifiwa na wenye hekima wa kila taifa, lakini sifa hiyo yategemea mtu anajijua kwa ajili ya nini. Akijijua ili ajisamehe, atapata maneno mazuri ya kuelezea udogo wake, na wenzake wataubeba mzigo wake pamoja na maelezo yake. Akijijua ili apate kutoa kwa wakati wake, kwa kiasi chake na kwa njia yake, basi hata nguvu zake zikiwa chache zitafika mahali zilipohitajika. Hapana atakayeulizwa kwa nini hakuzaliwa na nguvu za mwingine. Kila mmoja ataulizwa na wale walioishi naye, kwa kinywa au kwa kimya, zile alizokuwa nazo alizitumia wapi.